Pia ya Goti na Nyumba ya Daktari

Ijumaa, 8 Julai 1960

Uhuru umekuja na bado nashona kaptula za watoto hapa Kasenga, Uvira. Haiwezekani! Nyumba ya Daktari Maertens iko kando ya ziwa, ina baraza na bomba la maji ndani. Wazungu wenzake wanavuka mpaka kila siku pale Kavimvira, wanakimbia. Yeye amekaa tu, anapasua watu. Anahitaji kusukumwa kidogo. Nimemnong'oneza mpishi wake kwamba vijana wa Kamanyola wanateremka Jumatatu kuwafunga Wabelgiji wote. Mpishi aliacha vitunguu vikiungua. Mwanzo mzuri.

Jirani yangu Ildephonse, fundi baiskeli, eti naye anaitaka nyumba hiyo, ameandika jina lake kwa chaki kwenye geti la daktari. Mshenzi! Nimelifuta kwa mate.

Jumamosi, 9 Julai

Daktari akiwa kazini, nilikwenda kupima madirisha yake. Kwa ajili ya mapazia yangu. Nilipanda juu ya pipa. Pipa likabingirika! Goti liligonga ukingo wa ngazi, nikasikia kitu kikipasuka. Mguu haunyanyuki. Ukigusa goti, kidole kinazama katikati. Mpishi alinikuta nalia, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Akauliza: "Weye iko natafuta nini hapa?" Nikasema nimeleta salamu.

Sasa nipo hospitali. Daktari anasema pia ya goti imevunjika vipande viwili. Msuli wa paja unavuta kile cha juu, cha chini kimebaki, na hata nikilala mpaka Krismasi havitakutana. Lazima apasue, avirudishe pamoja, avifunge kwa waya. La sivyo sitanyosha mguu tena. Na cherehani yangu ni ya kukanyaga! Nikauliza lini. Akasema pole sana, anaondoka kesho. Amesikia kuna vijana wanateremka kutoka Kamanyola. Hapa Uvira hakuna mwingine wa kufanya kazi hiyo.

Jumapili, 10 Julai

Asubuhi nilimtuma mke wangu, Apolline, akamwambie daktari kwamba wale vijana ni kwaya tu, wanakuja kuimba. Akarudi amenuna. Alimkuta Ildephonse anamfungia daktari masanduku, kwa moyo wote, huku akiapa kwamba kwaya hiyo ina mikuki. Nimekwisha! Apolline akauliza mbele ya wagonjwa wote: "Ile mambo ya Kamanyola ilitokaka wapi?" Nikajifanya nimezimia.

Mchana daktari aliingia kuaga, amevaa viatu vya safari. Nilimshika koti. Safari hii sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia miye ni fundi, mguu huu ndio unaolisha nyumba yangu. Nililia kweli, bila ujanja. Alinitazama, akavua koti. Akamwagiza msaidizi wake, Damien, arudi kwenye gari akafungue sanduku la vyombo.

Jumatatu, 11 Julai

Wamenipasua jana alasiri. Sindano ya mgongo! Miguu ikafa ganzi, masikio yakabaki hai, nikasikia kila kitu. Daktari alivuta vipande mpaka vikakutana, akauzungushia mfupa waya, akakaza kwa koleo, kama ninavyovuta uzi kukusanya kiuno cha sketi. Nilishauri mshono wa ngozi uwe mdogo zaidi. Akaniambia ninyamaze. Lakini akaupunguza.

Ameondoka leo asubuhi. Alibaki usiku mzima kwa ajili ya goti langu, naye akiamini vijana wanateremka leo. Hakuna aliyeteremka, hata kwaya. Alinishika bega, akasema nimtii Damien. Niliona haya, sikuweza kumtazama usoni. Mtu mwema yule.

Ufunguo wa nyumba amempa Damien!

Jumanne, 6 Septemba

Plasta ngumu waliyonifunga mguuni ilishatoka, na mguu ulikuwa mwembamba, wa kutia huruma. Kila asubuhi Damien hunikunja goti kidogo kidogo, kwa subira, mimi nikipiga mayowe. Leo nimekanyaga cherehani! Nimeshona kola nzima. Apolline amecheza mlangoni, nami nimemkumbatia Damien kama ndugu. Anasema ncha za waya zinachokoza ngozi, atautoa mwezi ujao. Kwa sasa hapa ni yeye tu anayeijua kazi hiyo. Mtu wa thamani sana. Anaishi peke yake katika nyumba ya daktari, vyumba vinne. Vyumba vinne!

Jumatano, 12 Oktoba

Ushindi! Nimekuwa nikimsifu Damien kwa wakubwa wetu wapya: mkono wake mwepesi, anastahili hospitali kubwa, hata Bukavu. Wamesikia! Anahamishwa Jumatatu. Sijamdhuru mtu, ni sifa tupu. Ufunguo wa nyumba ameahidi kuniachia mimi, si Ildephonse.

Waya ulikuwa utolewe Alhamisi ya wiki ijayo. Apolline ameuliza: "Na huo waya, nani iko ataitoa?" Nimemwambia asiniharibie siku ya furaha. Aniambie kwanza kitanda tukiweke chumba gani.