Friza Inayozimia Mwisho wa Waya

Nyumba ya mwisho kwenye waya,
Njia ya Heru Juu,
Kasulu.
Jumatano, Julai 1976

Kwa Ndugu Khatibu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Jenereta ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima, na kukuarifu kwamba nyumbani kwangu wote tu wazima isipokuwa friza. Ugonjwa wake ndio ulionishikisha kalamu. Nimefundisha shule maisha yangu yote, na najua kwamba mtu mzima akielezwa jambo polepole, tena kwa maandishi, mara nyingine huelewa.

Friza hiyo niliinunua kwa mhandisi wa barabara aliyerudi kwao. Ndani yake hivi sasa amo fahali mzima, aliyekatwakatwa. Tulimchinja kwa harusi ya binti yangu Immakulata, lakini lori la wakwe zetu likavunjika ekseli huko Kibondo, na harusi ikasogezwa hadi Jumamosi hii. Harusi ilisogezeka, fahali hakusogezeka, alikwisha kufa. Katika ukoo wetu nundu ya fahali wa harusi huwekwa mbele ya mama wa bwana harusi, na haikubaliki nundu ya kuazima. Immakulata huinusa kila asubuhi. Jana aliinusa akatoka analia.

Maradhi yenyewe ni haya. Friza inanguruma kidogo, inasema "tik", inanyamaza. Ikishapumzika inajaribu tena: inanguruma, "tik", kimya. Nyama iliyokuwa jiwe sasa inabonyea kwa kidole.

Na usije ukasema kwamba haitunzwi. Hakuna friza iliyopata heshima kama hii tangu Kigoma hadi Nyakanazi. Ilipofika, akina mama walikuja kuipongeza kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga, kila mmoja na kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake. Mke wangu Pelagia hakumdharau hata mmoja. Vitambaa viko juu, viko ubavuni, viko mgongoni, na chini amezungusha sketi ya marinda hadi sakafuni, mgeni asije akaona mota. Imesimama sebuleni, imeegemezwa ukutani, imevikwa kuliko bibi harusi. Kwa hiyo kosa si la malezi. Kosa ni la umeme wako, na malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu Pasikali, fundi wa Kamati. Alikuja akasimama mlangoni, akawasha taa ya sebuleni, taa ikawaka, akatangaza kwamba umeme ni mzima na mgonjwa ni friza. Huo ndio uchunguzi wote. Alitumia muda mrefu zaidi kunywa uji. Ndugu Mwenyekiti, taa huwaka hata kwa umeme dhaifu, kama mwanafunzi mvivu anavyoweza kuitika jina lake asubuhi. Mota haitaki kuitika, inataka kufanya kazi. Umeme unaondoka kwenye jenereta una nguvu zake. Unapita mashine ya kusaga ya Hamis, unapita kwenye redio zote zinazoshindana kupiga kelele, unapita kwako, kisha unanifikia mimi wa mwisho ukiwa umechoka kama mtu aliyetembea kutoka Nyakitonto na mzigo wa mihogo kichwani. Nilipomweleza hayo, Pasikali alinijibu, "Mzee, umeme hauna miguu." Huyo ndiye mtaalamu wenu.

2. Kuhusu Reverien, ambaye Kamati ilimwita kutoka Kibondo baada ya Pasikali kushindwa, kana kwamba ujinga ukisafiri unaiva. Yeye angalau alipiga magoti. Akainua sketi, akapenyeza mkono, akagusa mota, akaruka. Ilikuwa ya moto kama chungu. Akasema, "Hii ina homa," nami nikamsifu kwa kutambua kuwa kitu cha moto ni cha moto. Kisha akaonyesha kidude kidogo cha duara kilichobandikwa kwenye mota, akasema ndicho kinachosema "tik" na kukata umeme, kwa hiyo angekiruka kwa waya, mota isiweze kukatwa tena.

Nilimketisha nikamfundisha. Kidude hicho ni mlinzi. Mota ikichemka mno, kinakata umeme isiungue, ikipoa, kinaurudisha. Kukiondoa ni kumtibu mtu kichwa kwa kumkata ulimi ili asiseme kinamuuma. Nikaendelea, kwa kuwa aliniangalia bila kupepesa macho, nikamweleza kwamba friza haitengenezi baridi. Friza inachota joto lililo ndani ya nyama na kulitupa nje kwa mgongoni, kwenye ule wavu wa mabomba, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, mota huhangaika mpaka izimie. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nadhani hakuelewa kitu. Akashusha sketi vizuri, akayanyoosha marinda, akaondoka.

3. Kuhusu wewe mwenyewe, ndugu yangu. Ulikuja Jumapili ukaketi karibu na friza, ukaweka kikombe juu yake, ukasema mbele ya vijana wa wakwe zangu waliotangulia kuja, "Mwalimu, umeme wa ujamaa hauwezi kugandisha nyama ya mtu mmoja." Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu wewe ni mgeni wangu. Lakini nyama hii inakuja kuliwa na kata nzima, na wewe nakujua, hutakaa mbali na sinia. Kama friza ni ubepari, basi ubepari huo Jumamosi utauomba mchuzi. Halafu ukaunda kamati ndogo ya kuchunguza. Kamati hiyo imekwisha kukutana, na imeazimia kukutana.

4. Kwa kuwa imethibitika kwamba mimi ni wa mwisho kwenye waya na ndiyo sababu ya yote, naomba mambo yafuatayo, tena leo. Hamis asimamishe mashine ya kusaga hadi Jumamosi. Watu watwange, kinu hakihitaji dizeli. Redio zote zizimwe. Yakishindikana hayo, taa za mtaa mzima zizimwe, maana wanaoziwasha wanaangaziana nyuso wanazozijua. Na hilo nalo likishindikana, jenereta ing'olewe ilipo na isimikwe uani kwangu, nyuma ya migomba, ili umeme uanze kwangu ungali kijana, na nyumba yako, Ndugu Mwenyekiti, iwe ya mwisho. Hapo utajifunza kwa vitendo, ambayo ndiyo elimu iliyo bora.

5. Mkikataa yote, Ijumaa asubuhi vijana wa ukoo wataibeba friza kwa miti kama machela hadi ofisini kwa Kamati, nao wajumbe wataketi na fahali huyo mpaka wajue wenyewe kwa pua zao kama umeme ni mzima. Mama wa bwana harusi nitamleta hapo hapo, mumweleze ninyi habari za nundu.

Nimesema bila hasira. Pelagia anakusalimu, Immakulata anakusalimu kwa machozi. Unisalimie mkeo Bi Siti, watoto, Hamis licha ya mashine yake, na Pasikali ukimkuta macho.

Wako katika kungoja umeme wenye nguvu,
Kipriani Niyibizi,
Mwalimu mstaafu.

Tanbihi: Barua hii sikuipeleka jana, nilikosa mtu wa kumtuma. Leo Alhamisi alfajiri Pelagia amevua vitambaa vyote pamoja na sketi, akavifua na kuvitia wanga kwa ajili ya wageni, na friza ikabaki uchi. Tangu hapo hadi jioni hii inanguruma bila kukoma. Sijasikia "tik" hata moja, mgongo wake unapumua, nyama imerudi kuwa jiwe, na nundu ukiigonga inalia kama mlango. Mashine ya Hamis inasaga na redio zote zinapiga kelele. Futa basi namba moja hadi tano. Namba mbili ibaki kidogo, yale niliyomweleza Reverien ni kweli tupu, ingawa nilimweleza nikiwa nimeegemea marinda.

Lakini Jumamosi wenye vitambaa wote wanakuja, kila mmoja atazame chake, na kile kikubwa cha mgongoni, chenye tausi wawili, ni cha mkeo Bi Siti. Pelagia ameapa friza haitasimama uchi mbele ya wakwe, nayo ikifanya kazi huku imevaa itapata homa tena. Nakuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu: Jumamosi, tangu akina mama waingie hadi wamalize kusalimiana, tafadhali kata umeme.