Taa ya Mkwe Inawaka Adhuhuri

Jumatatu, 12 Agosti

Alhamisi kamati ya madiwani inanitathmini. Mimi, Adil Bwanausi, Mkurugenzi wa mji huu mdogo wa Mwambakuni, niliyepigiwa saluti na mgambo asubuhi hii hii! Mwenyekiti wa kamati ni Bi Miza. Mama mkwe wangu. Zuleha, katibu muhtasi wangu, aliuliza kama nisingependa aombwe mwenyekiti mwingine. Nikamwambia asithubutu. Hii ni neema.

Sababu ni hii. Mke wangu Ibtisam amerudi kwao tangu Idi. Hakuna talaka, hakuna matusi. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, na kila aliponikumbusha nilimjibu kwamba limo katika mpango wa robo ijayo. Siku anaondoka alisema hataki washenga wala zawadi. Niende mwenyewe, niseme kwa kinywa changu, "Mke wangu, turudi nyumbani," naye atarudi.

Kusema ni rahisi. Lakini kumfikia yeye ni kupitia kwa mama yake, na marehemu baba alinifunza kwamba kwa mkwe huinui macho, huombi hata maji ya kunywa. Sasa nimepata njia. Nikipewa alama ya juu kabisa, Bi Miza mwenyewe atamwambia bintiye arudi kwa mumewe, mtu wa maana. Sitaomba. Nitaombwa!

Kanga yake bado iko kambani uani. Inalowa, inakauka, inalowa tena. Sijaianua.

Jumanne, 13 Agosti

Hatua ya kwanza: soko la samaki. Nimeagiza meza zote zipakwe rangi ya kijani, rangi anayoipenda Ibtisam. Kitwana, afisa mipango, ambaye anakitamani kiti changu hata haoni haya, alisema rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja na unyevu huu wa bahari. Nikamwambia wivu aufanyie ofisini kwake.

Jioni nilipita Mtaa wa Mnarani, kwao Ibtisam, eti nakagua mitaro. Nikamsikia uani akicheka na mtu. Kicheko kile kile, kinachoanza kwa kujizuia kisha kikashindwa. Nilisimama juu ya mtaro mpaka mama mmoja akaniuliza nimepoteza nini.

Nimepika wali. Chini umeungua, juu mbichi. Namtaka mke wangu.

Jumatano, 14 Agosti

Kamati imekagua soko. Rangi haijakauka! Bi Miza aliegemea meza ya wauza pweza, akainuka na mstari wa kijani mgongoni, kwenye buibui jipya aliloletewa na mdogo wake kutoka Maskati. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi ndiyo kabisa: mgongo wa mkwe nitauzungumziaje mbele za watu? Akazunguka nao soko zima. Mwishowe Kitwana alimnong'oneza, kwa adabu zote, akamletea mafuta ya taa na kitambaa. Mnafiki mkubwa.

Hatua ya pili: taa ya sola mkabala na nyumba yao, ili Ibtisam akitoka barazani aone nuru na amkumbuke aliyeileta. Fundi kaunganisha nyaya kinyume. Taa imewaka adhuhuri, na magharibi ikazimika. Zuleha, ambaye anakaa mtaa huo huo, anasema Bi Miza alitoka, akaitazama, akatamka kwamba taa ya mkwe inawaka adhuhuri. Ibtisam akacheka hadi akafuta machozi.

Nimemuuliza Zuleha yalikuwa machozi ya namna gani. Hajui. Nimemuuliza tena.

Alhamisi, 15 Agosti

Tathmini imekwisha. Niandike ilivyokuwa.

Bi Miza alianza kwa kutangaza maslahi yake, kama kanuni inavyotaka: kwamba Mkurugenzi ni mkwewe, au alikuwa, hilo bado hajaelezwa. Madiwani wakaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyake.

Akasema bomba la sokoni halijatoa maji mwaka mzima. Linatoa! Nililisimamia mwenyewe! Nikajibu, naam, mama. Akasema zahanati haina mlango. Inao, mpya! Naam, mama. Kitwana alikuwa anaandika huku akitabasamu. Ndipo Bi Miza akavua miwani, akasema asubuhi hiyo hiyo alinawa mikono kwenye bomba lile, alikuwa ananipima tu. Akauliza, mtu asiyeweza kujisemea neno lake la haki, mji huu atausemea vipi?

Tukaja kwenye malengo ya mwaka ujao. Hapo sauti yake ilishuka, ikawa sauti ya nyumbani.

"Adil mwanangu, yaache hayo makabrasha. Wewe unataka nini? Sema kwa kinywa chako."

Jina la Ibtisam lilikwishafika kwenye meno. Nililiona linatoka. Kisha nikamkumbuka baba, aibu ikanipanda mpaka masikioni, nikasema, "Taa zaidi, mama."

Akavaa miwani yake. Alama niliyopewa: wastani. Wastani!

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya swala nilipata ujasiri. Nilikuwa na kanzu safi na maneno yangu manne nimeyahifadhi. Nikabisha hodi. Bi Miza alinifungulia mwenyewe. Shikamoo, mama. Marahaba. Akauliza kilichonileta. Nikasema nimekuja kuangalia nyaya za taa. Uso wake sikuuona, ila nilimsikia akishusha pumzi.

Nyuma ya mlango niliona begi la Ibtisam, lile la kahawia. Limefungwa, viatu vyake vimewekwa juu yake. Na kutoka nyuma ya pazia, udi. Udi wake! Ule anaofukiza siku za furaha tu. Nikaaga mbio, nikamwacha mama wa watu mlangoni, na ile taa ikiniwakia utosini.

Zuleha anasema begi lile liko pale tangu jana asubuhi. Ni la kurudi kwangu. Ibtisam anangoja neno moja tu, mtaa mzima unajua. Nimemshukuru. Lakini Zuleha ni mtu wa majalada, haya mengine hayajui. Begi lililofungwa maana yake ni safari. Anakwenda kwa mama yake mdogo, Maskati. Nitampoteza!

Jumamosi, 17 Agosti

Sikulala. Alfajiri nimeianua kanga, nikainusa. Haina harufu yake tena, imebaki harufu ya jua. Nimeirudisha kambani, akija aikute alipoiacha. Nikalia kidogo, na bomba la jikoni likanisaidia.

Basi haondoki mtu! Nimepata wazo ambalo hata Kitwana hawezi kulipinga, ni la kitaalamu. Nimetia sahihi: Mtaa wa Mnarani unafungwa kuanzia Jumatatu kwa matengenezo makubwa, ncha zote mbili, na mgambo wasimruhusu kupita mtu yeyote mwenye begi.

Zuleha alisoma, akashika kichwa. Kitwana aliuliza mtaa utafunguliwa lini.

Nimemjibu: robo ijayo.