Vipimo vya Walimu Kwenye Simu ya Duka

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo. Wenzangu wanalala mpaka jua liwachome. Mimi niko kwenye duka la ushonaji la Shangazi, nyuma ya pazia, nashona vifungo. Nimewekwa nyuma kwa sababu mteja akinisalimia, sauti yangu inakimbilia tumboni. Shuleni tunasoma kwa lugha moja, nyumbani tunaongea nyingine. Mimi nimefaulu kunyamaza kwa zote mbili.

Mbele anakaa binamu yangu. Tunamwita Redio. Hazimiki.

Leo balaa! Redio amepata nafasi ya mafunzo, anaondoka Jumamosi asubuhi. Shangazi akasema, bila hata kuinua macho kwenye cherehani, kwamba basi mimi ndiye nitakayekaa mbele. Kupokea watu. Kuwachekea. Nimejichoma na pasi.

Ila nina akili. Nimeshapata njia: simujanja. Duka likihamia kwenye simu, hakuna mbele wala nyuma. Ninaweza kuwa meneja bila kuonana na binadamu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwandikia Shangazi hoja yangu kwa ujumbe. Alikuwa amesimama karibu yangu kabisa. Akausoma, akanigeukia, akauliza kama nina homa.

Lakini amekubali! Nimekabidhiwa simu ya duka mpaka Ijumaa. Mambo yakienda vizuri, nabaki na pazia langu. Yakiharibika, nakwenda mbele, na hataki kuona machozi. Redio akataka kujua kama kiuno cha mtu nitakipima kwa mtandao. Wivu tu.

Nimetengeneza jibu linalojituma lenyewe: "Mteja mtukufu, ombi lako limepokewa kwa unyenyekevu. Vuta subira." Wa kwanza kulipata ni Mjomba, aliyeuliza kama tumeshakula. Akauliza tena. Akawa mtukufu tena. Mwishowe akapiga, akamwuliza Shangazi kama ametekwa.

Dosari ndogo. Mfumo unafanya kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Oda kubwa kuliko zote za mwaka! Magauni ya mahafali ya walimu wa kike. Walimu wa shule YANGU. Wameongozwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Nilijibanza kwenye pazia, nikapumua kwa zamu.

Nimegundua jambo la kusikitisha. Shangazi anazeeka. Alimpima Mwalimu Mkuu kiuno, akasema kwa sauti, "Thelathini na sita, mama, wewe hubadiliki!" Wageni walipoondoka, akaja nyuma kunisomea vipimo niviingize kwenye simu. Mwalimu Mkuu: arobaini na moja. Na wengine hivyo hivyo, kila mmoja kaongezeka kati ya mlango na pazia. Masikini Shangazi! Kichwa hakishiki tena namba. Sikumwambia kitu, nisimvunje moyo.

Ndiyo maana duka linahitaji mtu wa kisasa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi ya kujivunia. Nimefungua kundi, "Magauni ya Mahafali", nikawaingiza walimu wote. Kisha nikatuma jedwali. Safi! Cheo, kifua, kiuno, nyonga, kila mtu na mstari wake. Nikaandika: "Kuna utata wa namba. Tafadhali kila mmoja ahakiki vyake, na akiweza, vya mwenzake."

Kimya. Alama zinaonyesha wote wamesoma. Nimefurahi, kazi nzuri haiulizwi maswali.

Halafu Mwalimu Mkuu akaandika: "Arobaini na moja ni ya nani?"

Nikamjibu: "Ni ya kwako, Mwalimu. Shikamoo."

Makamu wake akatuma uso unaocheka hadi machozi. Akaufuta. Mwalimu wa hesabu akaandika kwamba yeye amehakiki na zote ni sahihi. Mwalimu wa michezo akatoka kwenye kundi. Makamu akauliza kama kitambaa kitatosha. Mwalimu Mkuu akaandika kwamba oda imesimama.

Nimezima simu ili ichaji vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja. Mwalimu Mkuu mbele, Makamu nyuma. Mwalimu Mkuu alisema kuna fundi mwingine mtaa wa pili na huyo hana simu. Shangazi alikuwa ameshanunua kitambaa chote. Niliona anaikunja futi yake ya kupimia, anaikunjua, anaikunja tena. Hapo nilitamani pazia linimeze.

Redio akaokoa. Akadakia, jamani mama zangu, zile ni namba za fundi! Ndani yake kuna pindo, kuna mshono, kuna nafasi ya kupumua na ya kucheza siku ya sherehe. Makamu akasema yeye anapumua sana. Wakacheka, hata Mwalimu Mkuu, kwa upande mmoja wa mdomo. Oda imerudi, kwa sharti wapimwe upya, mmoja mmoja.

Walipoondoka Shangazi alinikalisha chini. Akanieleza kwamba namba ya kutaja ni ya mteja, ya kuandika ni ya mkasi, na fundi asiyejua hivyo hushona magauni yake mwenyewe maisha yote. Kumbe hajazeeka! Kesho nakaa mbele.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepima walimu wote. Kila namba ya kutaja nilimnong'oneza mwenyewe sikioni, maana sauti haikutoka zaidi ya hapo. Mwalimu Mkuu alisema hajawahi kupimwa kwa adabu namna hii, na kwamba anamleta dada yake. Makamu naye kaniomba nimnong'oneze yake mara ya pili. Shangazi ametangaza kwamba sirudi nyuma ya pazia. Alikuwa anatabasamu.

Nimetafakari kwa utulivu. Walimu wote wamerudi dukani, na dada mtu anakuja. Nani kawaleta? Kundi! Lingekosekana jedwali, wangepita kuchukua magauni tu na kwenda zao. Kosa langu lilikuwa moja: nilianza na wanawake.

Jioni hii walinzi wa benki wameleta oda ya suruali, na simu ya duka Shangazi amesahau kuidai. Nimeshawaingiza wote kwenye kundi lao, na jedwali nimeshalituma. Wanaume hawana neno na vipimo vya tumbo.

Mkuu wao anaandika kitu sasa hivi. Anaandika kirefu. Bila shaka ni shukrani.