Kabichi Zinazofundishwa na Viwavi

Jumanne, 4 Machi
Nilikuwa namwagilia miche ya maabara, daktari wa mimea akifundisha wanafunzi wake. Akasema kiwavi akitafuna jani, mmea hutoa kimeng'enya cha kumvuruga tumbo. Zamani jeni ya kazi hiyo ilikuwa moja. Ikajinakili, nakala zikabadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Nakala? Sikuelewa mashine iko wapi. Lakini kubwa nimelishika: viwavi ndio walimu. Sasa shemeji, kaka wa mke wangu, ataacha kunitambia kabichi zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoka maabara na kopo la viwavi thelathini. Nimewagawa kwenye kabichi za mke wangu nyuma ya nyumba. Ameuliza nimeinamia nini. Nikasema nazifundisha. Akanitazama, akaenda kuanua nguo.

Ijumaa, 7 Machi
Majani ni matundu matupu. Viwavi wamenenepa, hakuna anayeugulia tumbo. Labda darasa ni dogo. Nimeongeza ishirini.

Jumapili, 9 Machi
Vimebaki visiki. Mke wangu alikuwa ameahidi kabichi hizo kwa harusi ya mdogo wake. Shemeji amepita, akauliza tumefuga mbuzi lini. Ila kabichi moja ya pembeni haijaguswa. Imehitimu!

Jumatatu, 10 Machi
Daktari anatafuta viwavi wake wa utafiti. Nimekiri. Ameivuta ndoo, akaikalia.

"Mmea mmoja haujifunzi, ndugu yangu," akasema. "Jeni hubadilika kwa bahati tu. Mmea uliobahatika hupona, ukaacha mbegu. Hiyo ni kazi ya mamilioni ya miaka, wewe umeipa siku tano."

Kanipa onyo la mwisho. Nikamtajia ile kabichi iliyopona. Macho yakamng'aa, akaja na daftari lake hadi nyumbani. Nikatangulia, kifua mbele. Mke wangu akamkaribisha vizuri, akamweleza kwamba hiyo aliipaka majivu ya kufukuza viwavi, maana alishaona mumewe hayuko sawa. Wakacheka wote wawili. Daktari akafunga daftari.

Jumanne, 11 Machi
Nimetafakari mchana kutwa, kichwa kinauma. Hatimaye kosa nimeliona: kabichi hazina akili. Kuku wanazo. Kesho naazima paka, nimwingize kwenye banda la kuku la mama mkwe.