Tume Iliyokuja Kupima Njaa ya Mashine ya Charline

Uvumi ulifika Birere, mtaa wa Goma, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, pamoja na viazi vilivyopita Kanyaruchinya: ordinateur yoyote, yaani kompyuta, inayonguruma bila mutu kuigusa inakula courant ya umeme kwanza, kisha inageukia mwenye akili wa nyumba. Mama Charline aliusikia akichagua viazi. Alicheka na wenzake, lakini kicheko kikamwishia njiani. Mashine ya binti yake Charline ilikuwa inanguruma tangu Pasaka, na compteur ya nyumba, ile mita ya umeme, ilikuwa inameza courant kama mgeni wa harusi asiyealikwa. Tena mwenye akili wa nyumba alikuwa Charline mwenyewe. Jumatatu angetetea mbele ya walimu kazi yake ya kumaliza université, na kazi yote ilikuwa ndani ya mashine hiyo.

Basi akaenda bureau ya quartier, ofisi ya mtaa, kuuliza. Kuuliza tu.

Kesho yake kipaza sauti kikalia mtaani:

"Kwa raia wote. Imeundwa Tume ya Kufuatilia Vyombo Vinavyokula Umeme Vikiwa Vimepumzika. Itaanzia kwa Mama Charline. Makofi."

Raia wakapiga makofi, kama walivyoombwa.

Tume ilikuwa watu wawili: Papa Buhendwa, Présida yaani mwenyekiti, ndani ya koti zito, na Mama Apolline, Katibu, aliyebeba pasi na bouilloire, birika la umeme la chai. Wakaketi salon, sebuleni kwa Mama Charline. Mashine ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma toka kichwa mpaka miguu, kama kinavyofunikwa kila kitu cha heshima Goma, ili vumbi la volcan, ule mlima wa moto, lisikizoee.

"Papa Présida," Charline akasema, "muniache nitoe kitambaa, nifungue nione ndani. Inapata joto sana. Ikiungua, kazi yangu inaenda nayo."

"Mutoto, usiguse. Huyu ni mshukiwa."

"Ni mashine, papa."

"Washukiwa wote wanasemaka hivyo."

Uchunguzi ukaanza. Tume ilichomeka simu zake zote kwenye rallonge ya mashine, ule waya wa matundu mengi. Mama Apolline akachomeka bouilloire, kwa sababu sheria hairuhusu kuchunguza na koo kavu. Kisha akachomeka pasi, maana mshukiwa hahojiwi na koti lililokunjamana. Compteur ikaanza kukimbia kama imeona nyoka.

"Papa Présida," Mama Charline akauliza polepole, "na ile bouilloire, haiwezi kuwa inakula nayo?"

"Mama, bouilloire ni kitu ya Leta, ya serikali. Kitu ya Leta haikulaka. Inatumikaka."

Saa ya chakula Tume ikakusanya vitu vyake, ikaenda kwa jirani aliyekuwa amepika sombe. Compteur ikatulia. Tume iliporudi na kuchomeka tena, ikakimbia tena. Papa Buhendwa akainama, akaitazama kwa huzuni ya kitaalamu.

"Umeona, Katibu? Inatujua."

Ripoti iliandikwa Kifaransa na Kiswahili, ili isieleweke kwa upande wowote. Ilisema: imethibitishwa kwamba mashine huongeza ulaji mbele ya mamlaka. Akiingia Katibu, inakula. Akiingia Présida, inashindilia. Hivyo ikamatwe, ikae bureau mpaka uchunguzi uishe, yaani mpaka Tume ichoke.

Mama Charline akapiga magoti. "Papa, Jumatatu mutoto anatetea. Muchukue mimi."

"Mama, wewe haukulaka courant."

Kukamata kulihitaji muhuri wa wakubwa wa juu, basi ripoti ikapanda huko. Charline alikaa kando ya mashine siku hiyo nzima, akiipepea kwa sahani ya plastiki. Mama yake alikuwa anampepea Charline.

Jumamosi jibu likashuka, likasomwa kwa kipaza sauti kilekile, na Présida mwenyewe:

"Tunaipongeza Tume kwa sayansi yake. Kwa kuwa umeme unaliwa zaidi mbele ya mamlaka, bureau ya quartier ikatwe courant leo. Présida na Katibu wasikaribie waya, prise ya ukutani wala nguzo yoyote. Mashine ya raia ibaki kwake, maana ikiwekwa kati ya viongozi itamaliza mji. Mak..."

Kipaza sauti kikazimika hapo. Papa Buhendwa hakupinga. Kupinga kungekuwa kusema ripoti yake ni ya uongo. Raia wakamalizia makofi wenyewe.

Charline akatoa kitambaa, akazima mashine, akafungua ubavu wake. Ventilateur, feni ya kuipoza, ilikuwa imezikwa ndani ya vumbi jeusi la Nyiragongo, inahangaika kuzunguka. Akalitoa kwa burashi ya rangi. Alipowasha, mashine ilinyamaza hata mama yake akadhani imekufa. Compteur nayo ikatembea kama mutu aliyestaafu.

Jumatatu akatetea, akapita vizuri. Jioni Papa Buhendwa akasimama katikati ya barabara, mbali na nguzo, simu imezima mkononi.

"Mama Charline, munitilie hata kachaji kidogo."

Mama akaipokea juu ya uzio, akaichomeka, akaangalia compteur.

"Sawa, papa. Lakini musogee. Inawaona."

"Hapa?"

"Bado inakimbia."

Akarudi nyuma, akiuliza "hapa?", mpaka sauti yake ikapotelea mtaa wa pili.

Akina mama wenye watoto wanaosoma, muepuke haya:

Kufunika mashine inayofanya kazi. Kitambaa ni cha meza.

Kuacha vumbi la volcan ndani yake mwaka mzima.

Kuchomeka pasi, bouilloire na mashine kwenye rallonge moja.

Kuweka kazi ya mutoto mahali pamoja tu.

Kupeleka swali bureau kabla ya kumuuliza mutoto uliyemsomesha.

Kupiga makofi tangazo likiwa halijaisha.