Rafiki Yangu Mwenye Hofu

Jumamosi, 6 Septemba 2003

Leo nimekufa tena. Nilikuwa dukani nimeinamia saa ya mteja, mara moyo ukaanza kukimbia kuliko saa zote za ukutani. Jasho. Mikono baridi. Nikapiga shahada, nikajilaza nyuma ya kaunta ili watu wasipate taabu ya kunilaza. Kitambo kidogo nikaona bado nipo. Nikafunga duka, nikaenda hospitali.

Daktari kanipima kila mahali. Kasema moyo mzima, mapafu mazima, kinachonisumbua ni hofu. Hofu! Mimi Ghanim, fundi saa wa Mkunazini, mtu mzima mwenye mvi! Kuna mafunzo ya bure huko Vuga, kasema, Jumatatu na Jumatano baada ya alasiri. Watu wanafundishwa kutuliza nafsi na kurudi katika hali zao. Nimemshukuru. Nimemwambia nitamfikishia habari rafiki yangu mmoja mwenye shida kama hiyo.

Siendi. Shangazi yangu Bi Biasha amenipelekea posa kwa Bi Muzna, mjane, mwanamke ambaye nikimfikiria huwa nasahau kuogopa. Kaka yake, Hisham, sasa anapita mjini kuniulizia, kama ilivyo ada. Anauliza msikitini, sokoni, kwa majirani. Nasali? Nina hasira? Nina maradhi gani? Likimfikia neno kwamba akili yangu ina kasoro, posa imekwisha. Na yupo Ammar, muuza mafuta mazuri wa duka la pili, ambaye naye kaposa hapo hapo. Posa mbili, jibu bado. Ammar ananukia udi tangu asubuhi. Simpendi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwenda. Nilikufa tena baada ya chai, nikaona bora aibu kuliko sanda.

Mwalimu ni Bi Khamisa, mama wa Kitumbatu, muuguzi mstaafu. Sauti ya chini, macho hayakwepeki. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, pazia katikati. Akatutaka kila mtu aseme kilichomleta. Wa kwanza akasema ana rafiki yake hapati usingizi. Wa pili ana shemeji yake hulia bila sababu. Wa tatu ana jirani. Nyuma ya pazia nako kila mwanamke ana shoga yake. Ukumbi mzima tumejaa wazima, tumekuja kwa niaba ya wagonjwa waliobaki nyumbani! Zamu yangu ilipofika nikasema nina rafiki, fundi, hufa mara kwa mara. Bi Khamisa akauliza hufa akiwa wapi. Nikasema dukani, akiwa peke yake. Akasema nimpe pole sana, na kwamba haogopi peke yake ingawa anadhani hivyo.

Balaa liko nje. Ukumbi unatazamana na baraza ya kahawa, na anayekaa pale kila alasiri ni Hisham! Sisi viatu tumevivua mlangoni, vimejipanga, vinatazama baraza. Na nani hapa mjini asiyejua viatu vya nani ni vya nani? Wale wa barazani hawana haja ya kuona sura. Wanasoma viatu. Makubadhi yangu yana kiraka kwenye kisigino, mji mzima unakijua. Nikayavuta ndani upesi, nikakaa mpaka adhana ya magharibi ilipowaondoa, nikatoka nimeyakumbatia chini ya koti.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata hila. Makubadhi nimeyaacha dukani, nimekwenda pekupeku! Hakuna viatu, hakuna ushahidi.

Sikufikiria njia. Vichochoro vya mji huu vina miba ya samaki, na lami ya Vuga saa kumi inaunguza. Nikawa natembea kwa kurukaruka. Mama mmoja muuza mbatata akaniuliza kama niko sawa. Watoto wakanifuata. Watu wazima wanaotembea pekupeku hapa wanajulikana, na mahali wanapopelekwa panajulikana. Nikaiona baraza kwa mbali, nikamwona Hisham ananyanyua kikombe, na nikamwona ananiona.

Nikageuka. Sikufika darasani. Nimekufa mara mbili kabla ya magharibi.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Biasha kaja, uso umemkunjamana. Hisham kamwuliza kama ni kawaida yangu kutembea bila viatu. Maskini shangazi kamjibu kuwa nimeweka nadhiri. Hisham kauliza nadhiri ya nini. Shangazi kasema hiyo ni baina ya mja na Mola wake. Sasa ananiuliza mimi, nadhiri ya nini? Nimemwambia ni baina ya mja na Mola wake. Kaondoka anasonya.

Naogopa. Sasa naogopa hata kuogopa, maana nikianza sijui nitaishia wapi. Lazima nirudi kwa Bi Khamisa. Lakini vipi?

Jibu nimelipata msikitini, baada ya sala. Kila Ijumaa watu hutoka kwa kusukumana na hubadilishiana viatu bila kujua. Wiki inayofuata vinarudi, hakuna anayeulizwa. Mbele yangu yalikuwapo makubadhi ya Ammar. Yameshonwa kwa uzi wa kijani, hakuna mwengine mjini mwenye kama hayo, na mwenyewe hujivuna nayo. Nimeyavaa. Yangu nimeyaficha ndani ya kanzu. Toba nimeomba kabla, nisije nikasahau baadaye.

Jumatatu, 15 Septemba

Ushindi! Nimeingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, niliougundua leo, makubadhi ya Ammar mkononi, kisha nimeyatoa nje kwa mlango wa mbele kwa kunyoosha mkono tu. Nimeyaweka katikati kabisa, uzi wa kijani unatazama baraza. Kwenye tundu la mlango nimemwona Hisham akiyatazama, akamnong'oneza mwenzake. Ammar kwisha!

Nimesoma kwa raha. Bi Khamisa ametufundisha kuweka mkono tumboni na kuvuta pumzi taratibu. Hofu ikija, kasema, usipigane nayo wala usiikimbie; ipe salamu kama mgeni unayemjua, itakaa kidogo, itaondoka. Nikasema nitamweleza rafiki yangu. Akasema siku rafiki yangu akija mwenyewe atafurahi sana kumwona.

Nilipofungua duka tena jioni, ilikuja. Moyo, jasho, yote. Nikaweka mkono tumboni. Nikaipa salamu. Ikaondoka! Nimelia kidogo kwa furaha, nyuma ya kaunta. Sijawahi kupata nafuu namna hii. Bila shaka ni kwa sababu ya kumwangusha Ammar.

Jumatano, 17 Septemba

Ya Rabbi.

Tuko katikati ya darasa, makubadhi ya uzi wa kijani nimeyaweka nje tena, mlango unafunguliwa, anaingia Ammar, pekupeku! Kumbe Hisham alikwenda dukani kwake jana akamwuliza kwa upole maendeleo ya masomo. Ammar hakuelewa. Hisham akamtajia makubadhi. Ammar, aliyekuwa akiyatafuta tangu Ijumaa, kaja kuyachukua.

Sikungoja. Nilipenya chini ya pazia nikaibukia upande wa wanawake. Hawakupiga kelele. Mmoja mwenye ninja, macho tu yanaonekana, akanisogezea mkeka. Kisha kwa sauti ndogo akaniuliza, "Na yule rafiki yako hajambo?" Nikasema hajambo kidogo. Sikujua nimtazame wapi.

Kwa upande wa pili nikasikia Bi Khamisa akimkaribisha Ammar, na Ammar akisema yeye kafuata viatu tu. Halafu sauti yake, haina majivuno yoyote: "Lakini madhali nshafika, bora nseme. Tangu mama afe siwezi kukaa nyumbani mwangu. Jua likizama naogopa kufungua mlango. Mimi. Si mtu mwengine."

Kisha yule wa kwanza, mwenye rafiki asiyelala, akasema na yeye ni yeye. Wa shemeji, naye ni yeye. Hata wa jirani. Wakawa wanaungama mmoja mmoja kama watu waliofunguliwa kamba. Mwenye ninja akanitazama, akangoja. Mdomo niliufungua. Wallahi niliufungua. Nikamwuliza kama kuna mlango upande huu.

Ijumaa, 19 Septemba

Jibu limekuja. Bi Biasha kakaa kwenye kiti cha wateja, hataki hata maji. Bi Muzna kamkubali Ammar.

Nikasema haiwezekani, mtu kaonekana wazi anakwenda mahali pale. Shangazi akasema ndiyo sababu yenyewe. Hisham alipinga mwanzo, dada yake akamwambia na yeye anakwenda, tangu kufiwa na mumewe, anakaa nyuma ya pazia. Kasikia wote wawili. Kasema yeye pia ana hofu zake, na hataki mume asiye na hofu, anataka anayeweza kuitaja. Mimi kaniletea salamu. Kasema nimfikishie na rafiki yangu, na kwamba anamwombea.

Iliniuma. Humu naweza kuandika, iliniuma kweli. Shangazi alipoondoka hofu ikaja, ikakaa, na salamu sikuwa nayo.

Alasiri Bi Khamisa kapita dukani na saa yake ya mkono. Haikuwa na ubovu wowote. Kasema Jumatatu njoo. Kasema, "Njoo wewe, mwanangu." Nikasema inshallah.

Lakini nimefikiri, na nimegundua kosa langu. Kumbe wanawake wa siku hizi wanapenda wagonjwa! Mimi nimehangaika kuficha, kumbe ningetangaza. Yupo Bi Sichana wa Kikwajuni, mjane, mpole, na shangazi anaujua mlango wao. Kesho nakwenda mwenyewe kwenye ile baraza ya Vuga, nimevaa makubadhi yangu ya kiraka, nitasema mbele ya kila mtu kwamba mimi ni mgonjwa.

Hofu sitaitaja, hiyo ni aibu. Nitatafuta ugonjwa mwengine.