Piza Ndani ya Gunia la Mashudu

Jumatano, 5 Juni 2024
Asubuhi baridi kali, upepo wa vumbi, jua limechelewa.

Kikao cha wanawake wa kanisa, saa tisa alasiri. Ajenda moja: wageni kumi na wawili, akina mama wenzetu wa Manyoni, wanakuja Nduguti Jumapili. Chai saa saba, baada ya ibada. Kitafunwa je? Yustina, yule mwenye duka, akasimama kabla hajaitwa. Maandazi, akasema. Makofi! Kila mwaka maandazi, kila mwaka makofi. Nikajikuta na mimi nimesimama. Nikasema: piza.

Yustina akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ndiyo mbaya, kama piza nimewahi kuiona au nimeisikia tu redioni. Nikajibu nimepika nyingi sana nilipokuwa Dodoma. (Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nilikula kipande kimoja kwenye semina. Kilikuwa kimepoa.)

Mwenyekiti wetu, Mama Evodia, hapendi ubishi. Ameamua tupike wote wawili, na atakayewapendeza wageni ndiye atashika ufunguo wa jiko la kanisa. Ufunguo huo ninao mimi, mwaka wa tatu huu! Masufuria yote nimeyapa namba. Vijiko nimeviorodhesha. Yustina akiushika, mwezi mmoja tutakoroga chai kwa vijiti.

Amosi, mume wangu, ameuliza kwa nini sikunyamaza tu. Haelewi uongozi.

Alhamisi, 6 Juni
Baridi zaidi. Maji ya mtungini yanauma meno.

Jaribio la kwanza. Nimenakili vipimo kutoka kwenye video ya simu: unga, hamira, sukari, chumvi, mafuta, maji ya vuguvugu. Kanda dakika kumi. Nimekanda kumi na mbili. Funika, subiri saa moja, donge litaumuka mara mbili.

Kimo cha donge saa tatu asubuhi, kwa rula: sentimita sita. Saa nne: sita. Saa sita mchana: sita, na juu limeota ngozi.

Nimelisogeza karibu na moto. Upande mmoja umeiva, upande mwingine umelala. Mchana Amosi alijipumzisha kidogo kwa sababu ya mafua, nikaona huyu ana joto la bure. Nikalifunga donge kwenye kanga, nikalisukuma chini ya blanketi ubavuni mwake, bila kumsumbua kwa maelezo. Akageuka, akalilalia. Alipoamka akasema limeumuka kweli, ila kwa upana.

Tumelila kama chapati, na maharage.

Saa kumi Yustina amepita kuomba chumvi. Chumvi! Mtu mwenye duka! Macho yake moja kwa moja kwenye beseni. Akasema, kwa lugha yetu ya Kinyiramba ili iniume vizuri, kwamba mkate wangu unaonekana umefiwa.

Ijumaa, 7 Juni
Baridi ileile. Lakini siku imekuwa nzuri!

Nimekwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Bwana Idrissa kuchukua mafuta. Wakati nasubiri nikaona kuku watatu wamelala juu ya lundo la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, wamefumba macho kama mabibi harusi. Nikaingiza mkono. Joto! Mashudu yakitoka kukamuliwa yanakuwa ya moto, na yakiwa mengi hayapoi upesi. Nikakimbia nyumbani, nikakanda donge dogo, nikalitia kwenye kopo la mfuniko, nikarudi kulifukia. Dakika arobaini na tano tu, mfuniko umeinuka wenyewe. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia.

Ikabidi nilitoe haraka, Bwana Idrissa alikuwa anafunga aende msikitini. Ameniuliza hicho ni nini. Nimemwambia ni jambo la kanisa, la siri. Amesema mambo ya kanisa yeye hayaingilii. Jumapili anafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Safi kabisa.

Jumamosi, 8 Juni
Upepo umepungua.

Nimepanga. Tatizo ni Yustina: duka lake linatazamana na mashine. Akiniona nafukia ndoo, ameiba siri. Kwa hiyo ndoo haitafukiwa kwenye lundo. Itaingia ndani ya gunia, izungukwe na mashudu ya moto, gunia lifungwe, lisimame katikati ya magunia mengine. Bila alama yoyote! Alama ndiyo inayoamsha maswali. Mahali pake nitapaandika humu tu.

Kuku wa kienyeji: mmoja, amechemshwa. Nyanya, hoho, vitunguu: tayari. Chizi, yaani jibini ya kuweka juu: Nduguti nzima hakuna. Nimeifuta kwenye orodha.

Jumapili, 9 Juni
Baridi, anga safi.

Saa 12:20 asubuhi: gunia limesimama mahali pake. Bwana Idrissa nimemwambia asijue mtu. Mstari wa pili, la nne kutoka ukutani. Nikaenda kukatakata nyanya.

Saa 1:45: nimerudi. Hakuna mstari wa pili. Hakuna hata wa kwanza! Sakafu tupu, na mpakiaji anafagia.

Bwana Idrissa alikuwa anakunywa chai. Magunia yote kumi ameyachukua Mzee Manase, mfugaji wa kule njia ya Iguguno, kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikapiga kelele kwamba la nne lilikuwa langu. Akanijibu kwa adabu: "Mama Kefa, ulisema asijue mtu. Mpakiaji naye ni mtu."

Bodaboda. Njia nzima nimemwomba Mungu, na dereva naye amemwomba kwa sababu zake.

Nimefika kwa Mzee Manase nikihema. Shikamoo, mzee. Marahaba, habari za kwako? Nzuri. Mume hajambo? Hajambo. Mtoto wenu Kefa bado anasoma? Anasoma. Na alizeti mmevuna? Tumevuna. Na kuku? Kuku, mzee! Nimejibu yote nimesimama kwa mguu mmoja. Ndipo akaniambia nimekuja wakati mzuri, maana amepata tatizo. Kuna gunia linapumua.

Lilikuwa peke yake katikati ya uwanja. Mkewe amejifungia ndani. Mzee ana fimbo, alikuwa anatafakari alipige wapi. Kamba ilikuwa imelegea, mfuniko umeruka, na donge langu limechungulia nje, kubwa, jeupe, linang'aa. Ndama mmoja alikuwa analilamba ubavuni.

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi. Lipo! Limeumuka mara tatu!

Nikakata sehemu yote aliyoonja ndama, kwa ukarimu, nikamwachia amalize. Nikapangusa mashudu yaliyoshika juu. Hayakutoka yote. Saa nne na robo niko nyumbani. Nimepika kwa masufuria manne, mkaa chini na mkaa juu, kama keki. Ibada nimeikosa. Nimemwambia Mwenyekiti nilimtembelea mzee mmoja kijijini. Si uongo.

Saa saba, wageni. Maandazi ya Yustina yametangulia mezani. Nikayatazama. Madogo! Magumu! Moja lilianguka kwenye sahani, likagonga. Baridi hii haikunichagua mimi peke yangu!

Piza imekwisha kwa dakika kumi na moja. Kiongozi wa wageni, Mama Eliana, ameuliza vile vipande vyeusi ni nini, vina utamu wa mbegu. Nikasema ni mtindo wa Dodoma. Mama Evodia akasema, mbele ya wote, ufunguo ubaki ulipo. Nikaupapasa ufunguo.

Yustina alikuwa anatafuna. Akavuta kitu mdomoni, taratibu: uzi wa gunia, urefu wa kidole. Akanitazama. Nikatazama dari. Akausokota, akautia kwenye leso.

Wakati wa kuosha vyombo amenijia. Sauti ya upole tena, lakini leo ya kweli. Unga wake umemgomea wiki nzima, hajalala. "Mama Kefa, dada yangu, unaumulia wapi?"

Nimemwambia: kwa maombi.

Jumatatu, 10 Juni
Baridi imepungua, au ni mimi tu nina furaha.

Ufunguo uko shingoni. Nimehesabu vijiko: vyote vipo.

Mama Eliana amepiga simu. Agosti kuna mkutano wa wanawake Manyoni, wajumbe themanini. Wanataka niwafundishe piza. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nimemwambia nimeshafundisha wengi.

Mpango umekamilika. Ndoo tatu, magunia matatu, mashudu ya moto. Nitayatanguliza kwa basi alfajiri, mimi nifuate kwa basi la mchana nikiwa nimepumzika. Juu ya magunia sitaandika jina wala alama. Manyoni nako watu ni wadadisi.

Amosi ameanza kusema kitu kuhusu gunia la nne. Nazima taa.

Saa nne na dakika tano usiku: nalala.